Shemeji Mwenye Misumari Mdomoni

Kuna watu Mungu kawapa mdomo, wao wakaugeuza kopo la kuwekea misumari. Mmoja wao kamuoa mdogo wangu wa kike, na aliyewaunganisha ni mimi. Kwa hiyo hasira ninayoandika nayo hapa nusu yake ni ya yule bwana. Nusu ya pili mtaijua mbele.

Shemeji yangu ni fundi wa makochi. Nikisema fundi sina maana ya hawa wanaomwaga gundi na kuomba dua. Mtu akikalia kochi lake leo, wajukuu wake watalikalia. Karakana yake ni chumba kimoja cha barabarani, kulia kinyozi, kushoto fundi baiskeli. Nje kuna mifupa ya makochi isiyo na nguo, ndani sponji limepandana mpaka karibu na dari. Katikati ndiye yeye, amepiga magoti kama anaomba msamaha, mdomoni ana misumari midogo thelathini. Anaigeuza kwa ulimi mmoja mmoja, kichwa kikae mbele. Nyundo yake ina sumaku upande mmoja: anaisogeza midomoni, inanyakua msumari, ta! umezama. Anasogeza tena, ta! Sijawahi kuona ameumeza hata mmoja, na nimemtazama sana nikiomba.

Siku hizi ipo mashine ya kubana pini, kazi ya saa nzima inaisha kwa dakika tano. Nilimpelekea mwenyewe aijaribu. Akaipima uzito mkononi, akanirudishia. Baadaye ndipo nikaelewa. Ile mashine haihitaji mdomo. Angebaki na mdomo mtupu, watu wangetaka autumie.

Wateja wanampenda, na hilo nalo linanikera. "Fundi, lini?" Anainua vidole vitatu. Siku tatu, kochi liko mlangoni. Fundi asiyesema hawezi kukwambia njoo kesho, njoo kesho kutwa, umeme ulikatika, shangazi alilazwa. Mtaa mzima unamwita mwungwana. Mimi mtaa unaniita Redio, eti kwa sababu sizimwi. Sawa. Lakini redio ikizimwa nyumba inakuwa kaburi, muulizeni dada yangu.

Dada yangu alikutana naye kwa kiti. Kiti cha mama yetu kilikuwa kimetoboka, springi inachungulia, akakipeleka. Siku ya kwanza, "Habari." Akajibiwa kwa kichwa. Siku ya pili akaenda kuangalia kama kimeanza, akakaa kwenye kochi la mtu akingojea. Siku ya tatu akaenda kuangalia kama kimekwisha, na alijua hakijaisha. Pale akaona mto mmoja umeshonwa mshono umepinda kama njia ya konokono, akacheka. Yule bwana akawa mwekundu masikio. Dada akauchukua, akaufumua, akaushona upya kwa mkono palepale. Wiki iliyofuata alipokwenda kuchukua kiti, alikuta mito miwili iliyopinda imewekwa kando, imefunikwa kitambaa safi, na sindano juu yake. Basi. Wengine hutumiana barua, hawa walitumiana mito.

Wataalamu wa redioni husema watu hujuana hatua kwa hatua. Mnaanza na habari za hali ya hewa, mnaingia kwenye utani, mkishaaminiana mnapeana siri, na siri ndiyo gundi. Mimi niliacha shule mapema, lakini hilo nililijua kabla yao. Na niliona kabisa kwamba hawa wawili walifika kwenye mito wakakwama. Miezi saba, mito! Siku moja yule bwana akaja kwangu mchana, kofia mkononi, akakaa, akanywa maji glasi mbili.

"Mwambie," akasema.

"Nimwambie nini?"

"Hayo."

Nami nikaenda nikamwambia. Jamani, nilisema! Nilisema maneno ambayo hata mke wangu mwenyewe sijawahi kumwambia, na akisoma hapa anisamehe. Nilisema moyo wa yule kijana ni springi iliyobanwa miaka thelathini na minne ikingoja mkono wa kuifungua. Dada yangu alilia. Wakaoana. Nikatembea mtaani kifua mbele mwaka mzima.

Kumbe nilikuwa nimejiajiri. Toka siku ile, miaka ishirini na miwili, mimi ndiye ulimi wa ile ndoa. "Shemeji, mwambie kitambaa cha kijani kimekwisha." Na huyo wa kuambiwa amekaa hatua nne kutoka kwake! Maana dada yangu alihamishia cherehani yake mle mle karakanani, anashona nguo za makochi ambazo mumewe anazipigilia. Wanafanya kazi wamepeana migongo, yeye anatazama ukuta wa dirisha, mumewe anatazama mlango. Vipimo mume anaviandika kwa chaki ukutani: sitini kwa hamsini na tano, miwili. Mke anageuka, anasoma, anakata. Watoto wao wawili wamekulia juu ya sponji, wameondoka wana kazi zao, na wote wawili wana midomo kama mimi, namshukuru Mungu damu ya mjomba haipotei. Walipokuwepo, walijaza kile chumba kelele. Walipoondoka, ikabaki ta! na mlio wa cherehani.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimengoja huo mshindo miaka ishirini na miwili, kimya.

Sasa, mwezi uliopita, Jumatatu, dada yangu akaletewa barua. Chuo cha ufundi, mji wa mbali, safari ya kutwa nzima, wanamtaka akafundishe ushonaji wa nguo za makochi, mwaka mmoja. Kuna mtu alikalia kazi yake mahali fulani, akaulizia mshono ule ni wa nani. Majibu yanatakiwa yawe posta Ijumaa. Dada yangu hajawahi kuitwa mwalimu na mtu yeyote, aliacha shule ili mimi niendelee, na mimi nikaenda kuacha mwenyewe. Hilo nalijua. Sihitaji kukumbushwa.

Akaiweka barua kwenye fremu ya kochi, mbele ya pua ya mumewe. Mume akafuta mikono, akaisoma, akaisoma tena. Akaikunja vizuri, akaiweka chini ya chaki isipeperuke. Ta!

Jumanne dada akageuka kwenye kiti. "Unaonaje?" Kikainuliwa kidole kimoja: ngoja. Akangoja. Mpaka wakafunga duka, akatembea nyumbani akingoja, akapika akingoja.

Jumatano asubuhi akaona labda atumie lugha ya mwenzake. Akachukua chaki, akaandika ukutani, herufi kubwa: NIENDE AU NISIENDE? Akatoka kununua uzi. Aliporudi akakuta pembeni ya swali lake, mwandiko safi wa mumewe: Mto, sitini kwa sitini, minne.

Nasema tena, maana nilipoambiwa mara ya kwanza sikuamini. Mke anauliza kama aondoke, mume anajibu mito minne!

Dada yangu akachovya kitambaa kwenye ndoo, akafuta ukuta wote, vipimo vya wateja na kila kitu. Akachukua mkasi wake, akaja kwangu. "Kaka, nitalala hapa. Ijumaa napanda basi. Akitaka kujua nimekwenda wapi, asome ukutani." Alisema bila kutoa chozi, na mtu wa familia yetu akisema jambo bila kupiga kelele, hapo ndipo uogope.

Alhamisi mchana, ndugu zangu, bwana akaja. Dada alikuwa uani na wifi yake, wanaanua nguo. Nikamdaka shemeji mlangoni. Akatema misumari kiganjani, yote, akaitia mfukoni.

"Mwambie asiende," akasema. Akafikiri. "Hapana, mwambie aende." Akatazama viatu vyake muda ambao ningeweza kula na kuosha sahani. "Mwambie chumba kitakuwa kikubwa."

Akageuka, akaenda zake.

Maneno tisa! Nimeyahesabu kwa vidole. Mtu mzima, mke wake anaondoka, anazungumzia chumba. Nikaona aibu kwa niaba yake. Nikasema, Redio, hapa ndipo unapohitajika. Nikajiweka sawa shati, nikatoka uani, nikakohoa.

"Dada, mumeo amekuja. Amesema wewe ni mtu mzima mwenye akili zako, uamuzi ni wako, na lolote utakaloamua yeye atakuunga mkono kwa moyo mkunjufu. Amekutakia kila la heri."

Nilidhani nimetoa dhahabu. Dada yangu akashika shuka ile aliyokuwa anaikunja, akanitazama.

"Hayo ni ya kwake au ni ya kwako?"

"Ya kwake! Naapa!"

"Kila la heri."

"Ndivyo alivyosema."

"Miaka ishirini na miwili, ananiaga kama mgeni rasmi anafunga semina." Akaikunja shuka mara moja, mbili, akaiweka. "Vizuri. Nilikuwa naenda mwaka mmoja. Sasa naenda moja kwa moja."

Akaingia ndani. Nikabaki na mke wangu, ambaye miaka yote hii ameishi na mimi na bado anaamini kwamba siku moja nitasema kitu kama kilivyo.

"Alisema nini hasa?" akaniuliza.

"Nimeshasema."

"Wewe Redio, nimekuuliza yeye alisema nini."

Nikamwambia. Asiende, aende, chumba kitakuwa kikubwa. Mke wangu akaachia beseni.

"Na wewe neno kama hilo ukalitupa, ukampelekea hotuba?"

"Sasa chumba kikubwa ni neno hilo?"

"Ningeambiwa mimi hilo," akasema, "nisingekwenda hata dukani." Kisha akaniangalia kwa namna ambayo sitaieleza. "Hebu niambie. Ile ya springi iliyobanwa miaka thelathini na minne, aliisema yeye?"

Mtu na heshima zake, anaulizwa maswali kama yuko mahakamani kwenye ua wake mwenyewe. Nikachukua kofia nikatoka, na nilikuwa na hasira njia nzima. Hasira na mke wangu kwa kuuliza. Hasira na dada kwa kuamini. Zaidi ya yote hasira na yule kopo la misumari, maana mtu angekuwa anasema ya kwake, nani angemsemea?

Nikamkuta amepiga magoti, ta! ta! Cherehani imefunikwa.

"Toa misumari," nikamwambia.

Akainua kidole: ngoja.

"Singoji! Mke wako anaondoka kesho, harudi tena, na wewe unaninyooshea kidole! Mimi nimechoka kuwa mdomo wako! Nimekuchumbia mke, nimekuombea radhi, nimempelekea mke wako 'pole' yako akiumwa, mpaka chumvi ikizidi naenda mimi kupeleka malalamiko! Hivi wewe ulioa au mimi ndiye niliyeoa?"

Akaitema misumari sakafuni. Huyu ni mtu anayeinama kuokota msumari mmoja ukidondoka.

"Anaondoka harudi?"

"Ndiyo!"

"Ulimwambia chumba?"

Hapo ningeweza kudanganya, na mnajua kwamba naweza. Lakini alikuwa ananitazama machoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya, nikajikwaa. "Nilimwambia… kwa ujumla."

"Ulimwambia chumba kitakuwa kikubwa?"

"Niliona halitoshi. Nikaliboresha."

Akasimama. Sikujua kama ni mrefu vile, maana siku zote namwona yuko magotini. "Tangu nikujue," akasema, na sauti yake ilikuwa na kutu kama bawaba, "nimekupa maneno mangapi umpelekee? Yanajaa kiganja? Na hayo pia ukayapoteza!"

"Mimi niliyapamba…"

"Nani alikwambia yanataka pambo? Yangekuwa yanataka pambo ningeyapamba! Mimi kazi yangu ni kupamba!"

Akatoka. Alisahau kuweka nyundo chini, ndiyo ikawa balaa. Mtaa ulipomwona mwungwana anakwenda mbio na nyundo mkononi, na mimi nyuma yake napiga kelele "Shemeji, subiri!", kila mtu akajua leo kuna maiti. Fundi baiskeli akaacha gurudumu linazunguka. Kinyozi akatoka, na mteja wake nyuma, kichwa kimenyolewa upande mmoja, kitambaa kinapepea shingoni. Tukafika kwangu kama maandamano.

Dada yangu alikuwa uani na begi lake. Akamwona mumewe, akaiona nyundo, akawaona wale watu kwenye uzio.

"Umekuja kunipigilia?"

Mumewe akaitazama nyundo kama imeota mkononi, akaiweka juu ya beseni. Kisha akasimama. Nikaona lile kopo linajifunga tena, na mimi ulimi unaniwasha, nikafungua mdomo. Mke wangu akanishika ukosi wa shati.

"Chumba kitakuwa kikubwa," akasema yule bwana.

Dada yangu hakusogea. "Kikubwa kiasi gani?"

"Futi kumi na mbili kwa kumi."

"Sikukuuliza vipimo!"

"Basi unataka nini?" Na hapo, wallahi, akapayuka, mpaka kinyozi akarudi nyuma. "Vipimo ndivyo ninavyovijua! Nimekwambia kwa vipimo miaka yote! Nani alikutengenezea kile kiti cha cherehani, inchi mbili chini ya vingine, mgongo usikuume? Ukikohoa mimi naacha nyundo. Hujasikia? Ukikohoa naacha nyundo mpaka umalize!"

"Nitajuaje ni kwa ajili yangu? Nimekupa mgongo!"

"Si ungegeuka!"

"Nimegeuka Jumanne! Nikapewa kidole!"

"Nilikuwa na misumari mdomoni!"

"Kwa siku tatu?"

Dada yangu alikuwa amepata moto sasa, akamsogelea. "Mama yangu amekufa, watu wamejaa nyumbani, wewe uko wapi? Uko nyuma ya nyumba unatengeneza viti! Siku tatu, viti!" Ni kweli, nakumbuka, nilikalia kimojawapo, kilikuwa imara sana. "Viti kumi na tisa, kila mtu anakusifia. Na mimi? Mimi ulinitengeneza lini?"

"Nilikuwa sijui nikushike wapi," akasema.

Alisema polepole, lakini uani kote kulisikika. Mimi nikaona hapo sasa pamenoga, wanahitaji mtu wa kuwafungia, nikasema, "Anachomaanisha shemeji ni kwamba…"

"Nyamaza!" wakasema wote wawili.

Wote wawili! Kwa mara ya kwanza tangu waoane wamesema neno moja kwa pamoja, na neno lenyewe ni hilo, na limeelekezwa kwangu! Mke wangu akanivuta ndani kwa ukosi, akafunga mlango. Nyumba yangu, mlango wangu. Nikabaki kusikiliza dirishani kama mwizi, na watu wa uzioni wanasikia vizuri kuliko mimi.

Waligombana saa nzima na zaidi. Waligombana kuhusu barua, kuhusu watoto kuondoka, kuhusu rangi ya pazia la mwaka ambao hata sikumbuki. Alimwuliza kama yale ya springi aliyasema yeye, akasema springi gani? Nikainama chini ya dirisha. Nikamsikia dada yangu anacheka, kicheko cha hasira, kisha wakaendelea. Mwisho nikamsikia mume anasema, "Sitaki uende. Lakini nikikuzuia utakaa palepale unanichukia, na mimi nitakuwa nakusikia unanichukia, kwa mgongo."

"Sasa niandike nini kwenye majibu?"

"Andika unachotaka. Kisha uniambie mimi, si kaka yako."

Dada akaandika kwamba atafundisha muhula mmoja, miezi minne, waone. Ijumaa jioni wakapelekana posta, Jumatatu yake akaondoka, na mume akambebea cherehani hadi kituoni begani, wakibishana njia nzima kama akae dirishani au ndani. Mimi sikuombwa hata kushika mfuko.

Sasa ni wiki ya tatu. Kila siku saa sita, wakati wa mapumziko ya chuo, yule bwana anasimama nje ya karakana na simu sikioni, mdomo mtupu, anapiga kelele barabara nzima isikie. "Hapana! Mshono wa pembeni haukunjwi hivyo, utawapoteza hao watoto! Hapana, nisikilize wewe!" Kisha anasikiliza, muda mrefu, anakwaruza rangi ya ukuta kwa kucha. Wateja wamejipanga, hakuna anayeonyeshwa vidole. Juzi nimemsikia anamwambia mmoja, "Njoo kesho." Mwungwana wenu huyo.

Jana nikapita kusudi. Miaka ishirini na miwili habari za dada yangu nazipata mimi kwanza, ndipo wengine wapewe. Nikamwuliza, "Anasemaje?"

Akaifunika simu kwa kiganja. "Mpigie mwenyewe."

Nikakaa palepale kwenye kochi la mtu, nikampigia. Inatumika. Bila shaka inatumika, mtu anayeitumia amesimama mbele yangu! Nikapiga tena, ili tu anione.